UZI: "Cheap" haikuwa bei chee, ilikuwa soko lenyewe

Mtafuta Mizizi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Muulize mtu yeyote aliyekipitia Kiingereza, hata kile cha kubahatisha, nini maana ya "cheap". Atakujibu kabla hujafunga mdomo: bei chee. Ukimwacha aendelee ataongeza kwamba kitu "cheap" aghalabu ni hafifu. Kwa Kiingereza cha leo yuko sahihi mara mbili. Lakini ukiwa na maana hizo mbili tu mfukoni, kuna mambo ya lugha ile hayatakuingia akilini.

Mfano ni huu. Pale City ya London kuna barabara inaitwa Cheapside. Asiyejua atadhani ni mtaa wa vitu vya kutupa. Wapi! Karne nyingi hapo ndipo walipokaa masonara, na safu ya nyumba zao iliitwa Goldsmiths' Row. Ukishuka kuelekea mtoni unaikuta Eastcheap. Sasa mtaa wa dhahabu uitweje "upande wa rahisi"?

Jibu ni kwamba neno hili lilipoanza halikuwa sifa ya bei. Lilikuwa nomino. Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kiliandika "cēap", ile c ikitamkwa ch. Maana zake: biashara, mapatano ya kuuziana, bei (yoyote, kubwa au ndogo), bidhaa, soko, na pia mifugo. Cheapside ni upande wa soko, basi. Angalieni vichochoro vinavyoingia pale: Bread Street, Milk Street, Honey Lane, Ironmonger Lane, na mbele kidogo Poultry. Mkate, maziwa, asali, vyuma, kuku. Kila bidhaa na uchochoro wake. Mshairi Milton alizaliwa Bread Street mwaka 1608, na Thomas More, yule aliyekatwa kichwa na Henry VIII, alizaliwa Milk Street mwaka 1478. Watoto wa sokoni wote wawili, kwa maana ya neno tunalolijadili.

Na kulikuwa na sheria za "cēap". Mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala kuanzia 688 hadi 726, aliagiza kwamba mchuuzi akiingia vijijini kununua na kuuza afanye hivyo mbele ya mashahidi. Akikutwa na mali ya wizi na hana mashahidi wazuri wa kwamba aliinunua, athibitishe kwamba hakushirikiana na mwizi, la sivyo alipe faini ya shilingi 36. Kitenzi cha kununua na kuuza katika sheria ile ni "ceapian", na huyo mchuuzi anaitwa "ciepemon". Hakuna tusi wala dharau ndani yake, ni kazi kama kazi nyingine, ila serikali inataka risiti.

Sasa neno lililotaja soko zima liliishaje kuwa sifa ya kitu dhaifu? Hapo ndipo utamu ulipo, na mimi nina jibu moja ninaloliamini. Ngoja nipate wasaa nishushe sehemu ya pili. Wenye maarifa mtangulie.

---

Bei Chee

Nimewahi siti ya mbele. Jina langu leo limepata hadhi, wote mnaonicheka humu kaeni kimya.

Swali moja mkuu kabla hujaendelea. Soko sawa, bei sawa. Mifugo imeingiaje humo?

---

Mzee wa Hesabu

Hilo la mifugo nilijibu mimi, maana ndilo eneo langu.

Kabla ya sarafu kuenea, utajiri wa mtu ulikuwa unatembea kwa miguu minne. Ndiyo maana lugha nyingi za Ulaya zina neno moja la ng'ombe na pesa. Kilatini: "pecus" ni mifugo, "pecunia" ni fedha. Kiingereza cha Kale: "feoh" ni mifugo na mali kwa pamoja, na Kijerumani bado kinasema "Vieh" kwa mifugo hadi leo. Halafu kuna ndugu watatu ambao watu hawawajui kuwa ni ndugu: "cattle" (ng'ombe), "chattel" (mali inayohamishika, neno la wanasheria) na "capital" (mtaji). Wote wametoka kwenye "capitale" ya Kilatini cha zama za kati, yaani mali, na mzizi wake ni "caput", kichwa. Mmoja umeingia Uingereza kwa Kifaransa cha Wanormani, mwingine kwa Kifaransa cha Ufaransa ya kati, wa tatu ukaja moja kwa moja kutoka vitabuni. Kwa hiyo mtaji wa benki na ng'ombe wa zizini ni neno moja lililopita milango tofauti.

"Cēap" nalo lilishika njia hiyohiyo. Kumbukumbu za kila mwaka za Waanglo-Saksoni zinasimulia kuhusu mwaka 896, vita na Wadenmark vimepungua, na mwandishi anamshukuru Mungu kwamba jeshi lile halikuwavunja Waingereza kabisa. Kilichowavunja zaidi, anasema, ni vifo vya "cēap" na vya watu kwa miaka mitatu mfululizo. Mwanafunzi wa leo akikutana na sentensi ile atakuna kichwa: "cheap" inakufaje? Ni ng'ombe waliokuwa wanakufa kwa maradhi.

---

Mpinga Hoja

Haya mambo ya mizizi ya maneno mnayapenda sana lakini mara nyingi ni hadithi za kutungwa. Nani alikuwepo?

---

Mzee wa Hesabu

@Mpinga Hoja maandishi yalikuwepo. Sheria ya Ine imehifadhiwa pamoja na sheria za Mfalme Alfred, haikuokotwa mtandaoni.

---

Ramani Mkononi

Nami nichangie kwa upande wa ramani, maana ukishalijua neno hili utaliona kila kona ya Ulaya ya kaskazini.

Uingereza: vijiji na miji yote yenye "Chipping" mbele. Chipping Norton, Chipping Campden, Chipping Sodbury, Chipping Ongar. "Chipping" ni Kiingereza cha Kale "cēping", soko. Norton zilikuwa nyingi, hii ndiyo iliyokuwa na gulio. Chepstow, mpakani mwa Wales, ni mahali pa soko.

Denmark: jina la mji mkuu, København, mwanzoni lilikuwa na maana ya bandari ya wafanyabiashara. Ile "køb" ni ndugu kamili wa "cheap". Saxo Grammaticus, mwanahistoria wao wa zamani aliyeandika kwa Kilatini, aliliweka jina hilo wazi: Portus Mercatorum.

Uswidi: Norrköping, Linköping, Jönköping, na upo mji unaoitwa Köping peke yake. Norwe: Kaupang, mji wa biashara wa Waviking ulioanza karibu na mwaka 800. Baharia mmoja kutoka kaskazini, Ohthere, alifika kwa Mfalme Alfred akamsimulia safari zake, na bandari ya eneo lile aliitaja.

Ninayoipenda kuliko zote ni Ufini. Kifini si hata wa ukoo mmoja na hizo lugha nyingine. Walikopa neno kwa majirani zao, "kauppa" ikawa duka na biashara, na "kaupunki" ikawa mji. Yaani kwa Mfini mji ni soko. Warusi nao wana "kupit", kununua, na "kupets", mfanyabiashara. Slavoni za zamani zilikopa kwa makabila ya Kijerumani.

Tahadhari mbili kwa wanaopenda kuunganisha kila kitu. Chippenham inafanana na Chipping lakini wataalamu wa majina ya mahali wanaiona zaidi kama makazi ya mtu aliyeitwa Cippa. Na mkiwa Copenhagen, ile barabara maarufu ya Købmagergade isiwadanganye. Ilikuwa ya wauza nyama, kwa tahajia ya mwanzo yenye "kød", nyama. Watu walivyosahau wauza nyama wakaigeuza ifanane na "køb". Kufanana kwa sauti si undugu.

---

Bei Chee

Yaani Copenhagen ni mji wa bei chee! Nimekufa 😂😂

---

Kilatini cha Kuazima

Hamjafika kwenye shina bado. Hao Wajerumani wote wa zamani, kutoka Wagothi hadi Waanglo-Saksoni, hawakuliunda neno hili wenyewe. Lilitoka kwa Warumi, na lilitoka baa.

Kilatini "caupo" alikuwa mwenye kilabu au nyumba ya wageni: anauza divai, anauza chakula, ana vyumba vya kulala, na pembeni anachuuza vitu vidogovidogo. Kando ya mto Rhine, mahali pa mpaka, watu wa kwanza ambao makabila ya ng'ambo walifanya nao biashara ya pesa walikuwa hao, waliofuata kambi za askari. Basi jina la mtu likawa jina la kazi. Katika karne ya 4 Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigothi, ile amri ya bwana kwa watumwa wake katika Luka 19:13, fanyeni biashara, aliiandika kwa kitenzi "kaupon".

Sasa sifa za huyo "caupo" kwao Roma zilikuwa mbaya ajabu. Mshairi wao Horace anamwita msaliti. Na Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, kuna mteja mmoja aliyekasirika akaandika ukutani, kwa mizani ya ushairi kabisa:

"Talia te fallant utinam mendacia, copo: tu vendis acuam et bibis ipse merum."

Yaani: Ewe mwenye kilabu, uongo wako na ukurudie mwenyewe, unatuuzia maji, divai tupu unakunywa wewe. Ona alivyoandika "copo" badala ya "caupo", na "acuam" badala ya "aquam". Aliandika kama alivyotamka mtaani, wala hakujali walimu. Hiyo ndiyo "cheap" ikiwa bado mtoto mchanga, imechorwa ukutani na mtu aliyeuziwa divai iliyochakachuliwa.

Kwa wanaodhani ulaghai huo uliishia Roma: mwaka 1364 London, muuza divai aliyeitwa John Penrose alikutwa na hatia ya kuuza divai iliyoharibika. Hukumu: anywe funda la divai ileile, iliyobaki amwagiwe kichwani, kisha aiache kazi hiyo.

---

Mpinga Hoja

Hapo sasa mmejimaliza wenyewe. Kama mzizi ni mwenye kilabu tapeli, basi "cheap" ilikuwa neno la dharau tangu Pompeii. Mleta mada anatafuta nini tena? Ubaya ulikuwa kwenye damu.

---

Mtafuta Mizizi

@Mpinga Hoja asante kwa kunirahisishia, maana ndiyo hoja niliyotaka kuipinga.

Kati ya yule jamaa wa Pompeii na maana ya leo kuna zaidi ya miaka 1,400. Katika muda wote huo, kwa Waingereza neno lilikuwa halina doa. Sheria za Ine hazimdharau mchuuzi. Kumbukumbu za 896 haziwadharau ng'ombe. Wadenmark hawakuupa mji wao jina la matusi. Dharau ya Warumi ilibaki Roma, makabila yale yalichukua neno bila kuchukua kinyongo. Kwa hiyo "damu" haielezi chochote. Tafuta mahali neno lilipogeuka.

Liligeuka hivi. Kwa kuwa "cheap" ilikuwa mapatano ya bei, watu walilazimika kusema mapatano ya namna gani. Kukiwa na mavuno na vitu tele, walisema "good cheap", mapatano mazuri. Kukiwa na uhaba, ilikuwa "dear cheap". Sifa iko kwenye "good" na "dear", wakati "cheap" imekaa katikati kama kipimo. Kifaransa kilikuwa na mtindo uleule, "bon marché", soko zuri, na mpaka leo Mfaransa hawezi kuiondoa ile "bon". Mholanzi anasema "goedkoop", ununuzi mzuri, neno moja sasa, lakini "goed" bado imo, inaonekana.

Mwingereza akafanya uvivu. "Good cheap" iliposemwa sana, ile "good" ikaanza kudondoka, na karne ya 16 unaanza kukuta "cheap" peke yake ikiwa na maana ya "good cheap". Yaani neno lilichukua maana ya mwenzake aliyefukuzwa. "Good" ilipotoka mlangoni iliacha maana yake ndani ya nyumba, na "cheap", ambayo haikuwa na bei yoyote, ikarithi bei ndogo.

Lakini kilichofuata hakikutokana na sarufi. Kilitokana na soko. Mshairi wa Kiingereza Chaucer alikiona mapema, mwishoni mwa karne ya 14. Mhusika wake mmoja, mama wa Bath, aliyezika waume kadhaa, anaeleza mambo ya mapenzi kwa lugha ya sokoni:

"Greet prees at market maketh deere ware,
And to greet cheep is holde at litel prys."

Umati mkubwa sokoni hufanya bidhaa iwe ghali, na "cheap" iliyozidi huthaminiwa kidogo. Angalieni maneno: "cheep" hapa bado ni nomino, bado maana yake ni mapatano na wingi. Ila tayari mama anajua kwamba kinachopatikana kwa wingi sana hudharauliwa. Wachumi walisubiri karne kadhaa kuja kuchora hilo kwa mistari miwili inayokatana, wa ugavi na wa mahitaji.

---

Dada Kamusi

Mleta mada umetisha. Naomba niongeze kitu kwenye hapo hapo, maana kuna tamthilia moja inayofanya kazi yako yote peke yake.

Henry IV, Sehemu ya Kwanza, ya Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza 1598. Kitendo cha tatu. Onyesho la pili, mfalme anamgombeza mwanawe Hal kwa kuzurura na wahuni. Anamwambia kwamba yeye mwenyewe angejianika mbele za watu namna hiyo, angekuwa "so stale and cheap to vulgar company", amechuja na kupoteza thamani machoni pa watu wa ovyo. Hiyo ni "cheap" ya dharau, mpya kabisa, haina uhusiano na fedha.

Geuza ukurasa, onyesho la tatu. Falstaff, mmoja wa wahuni hao, anamtania mwenzake Bardolph kwamba pua yake nyekundu inamulika njia usiku kama mwenge, kwa hiyo inampunguzia gharama za taa. Ila divai anayomnywesha, kwa pesa hiyo angenunua taa "as good cheap" kwa muuza mishumaa aliye ghali kuliko wote Ulaya. Hiyo ni "good cheap" ya zamani, bado ina "good" yake.

Na hao wahuni wanakutana mtaa gani? Eastcheap.

Soko, bei nzuri na dharau, vyote ndani ya tamthilia moja, viwili vikiwa katika maonyesho yanayofuatana. Na mwandishi hakuona tatizo. Maneno hayabadiliki kwa tarehe, maana ya zamani na ya mpya hukaa nyumba moja muda mrefu kabla mmoja hajahama.

Kuna na kitenzi "cheapen". Leo ni kushusha hadhi. Kwa Benedick katika Much Ado About Nothing, anapoorodhesha sifa za mke anayemtaka, anasema asipokuwa mwadilifu "I'll never cheapen her". Mwanafunzi anadhani Benedick ameahidi kutomshushia heshima. La hasha! Anasema hata bei yake hataulizia. "Cheapen" ilikuwa kuulizia bei na kupatana.

---

Bei Chee

Dada Kamusi, na "chap" ya Waingereza, yule "good chap", naye ni wa ukoo huu? Nimeona mtu amesema mahali.

---

Dada Kamusi

Ndiye, tena wa karibu. Mchuuzi wa zamani aliitwa "cēapmann", likawa "chapman", na mpaka leo ni jina la ukoo, kama Wajerumani walivyo na Kaufmann. Karne ya 16 watu wakalifupisha kuwa "chap", na likawa linamtaja mnunuzi, mtu unayepatana naye. Baadaye likapoa likawa jamaa tu. Lilifuata njia ya "customer", ambaye Mwingereza akimwita mtu "tough customer" hana maana ya mteja tena.

Wale machapman wa kutembea walibeba vijitabu vya kurasa chache, hadithi za majambazi, nyimbo, utabiri, vikiuzwa kwa senti ndogo. Vinaitwa "chapbooks". Na "chop and change", kubadilibadili hovyo, ile "chop" haihusiani na kukata kwa shoka, ni "cheap" ileile kwa lafudhi nyingine: kubadilishana bidhaa.

---

Mpinga Hoja

Nimesoma yote. Sawa, nakubali neno lilikuwa safi katikati. Lakini hoja yako @Mtafuta Mizizi bado ina tundu. Unasema dharau imetoka kwenye bei ndogo. Thibitisha kwamba si kumbukumbu ya zamani ya wale matapeli iliyofufuka. Unahitaji neno lingine, lisilo na tapeli kwenye mzizi wake, lililofika mahali palepale.

---

Mtafuta Mizizi

Umeuliza vizuri na ninalo. "Billig" ya Kijerumani.

Asili yake ni ya heshima tupu: kilicho cha haki, kinachostahili. Wajerumani bado wana msemo "recht und billig", sawasawa na haki. Bei "billig" ilikuwa bei ya haki, bei isiyomnyonya mtu. Bei ya haki ikasomwa na wanunuzi kuwa bei ndogo. Bei ndogo ikasomwa kuwa kitu hafifu. Mwaka 1876 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia Philadelphia, Marekani, na mhandisi Franz Reuleaux, aliyekuwa upande wa Ujerumani palepale, akaandika nyumbani kwamba bidhaa za Wajerumani ni "billig und schlecht", rahisi na mbovu. Maneno hayo matatu yaliwachoma kwelikweli. Miaka 11 baadaye Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa, na vitu vikaanza kugongwa "Made in Germany" ili mnunuzi wa Uingereza ajue na akwepe. Kilichotokea baada ya hapo kwa alama ile mnakijua, Wajerumani waliigeuza ikawa sifa.

Kwa hiyo unayo maneno mawili. Moja mzizi wake ni mwenye kilabu aliyechukiwa, la pili mzizi wake ni haki. Yote yameishia palepale. Kinachoyavuta huko ni tabia ya mnunuzi: asipojua kupima ubora, anapima kwa bei.

---

Mpinga Hoja

Hapo nimekuelewa. Tundu limezibwa.

---

Kilatini cha Kuazima

Niongeze ndugu wa kambo: "monger". Kilatini "mango" alikuwa mchuuzi, hasa wa watumwa, aliyesifika kwa kupaka bidhaa rangi zivutie. Kiingereza cha Kale kilimkopa kuwa "mangere", akakaa vizuri tu na wauza samaki na wauza vyuma, "fishmonger", "ironmonger". Ile Ironmonger Lane ya mleta mada imemtaja. Leo akiunganishwa na neno jipya huwa ni lawama: "warmonger", mchochezi wa vita, "scaremonger", mtia watu hofu. Anayeuza samaki kabakiza heshima yake kwa sababu alilipata jina mapema.

---

Bei Chee

Swali la mwisho, la kikazi. Mimi natafsiri matangazo kwenda Kiingereza. Sisi "rahisi" ina maana ya bei ndogo na ya kitu kisicho kigumu, hakuna anayenuna. Sasa nikiandika "cheap" nauza au nafukuza?

---

Dada Kamusi

Inategemea mnunuzi anaweza kuupima ubora au la, kama mleta mada alivyosema.

Kitu kilicho kilekile popote ukinunue, "cheap" inauza vizuri: "cheap flights", "cheap tickets". Kiti ni kilekile na ndege inatua mahali palepale, mtu anatafuta bei tu. Wachumi nao husema "cheap money" wakiwa na maana ya mikopo ya riba ndogo, na hakuna anayewaza noti mbovu.

Kitu ambacho ubora wake hauonekani mpaka umeshalipa, ogopa. "Cheap dentist" inamfanya msomaji ashike shavu. Andika "affordable", ambayo inazungumzia mfuko wa mteja badala ya kuizungumzia bidhaa, au "low-cost". "Inexpensive" ni ya kiungwana lakini ni baridi, haimwamshi mtu.

Na usimwite mtu "cheap", hususan mbele ya Wamarekani. Hapo hutaji bei, umemwita bahili wa kutupwa. Wana na "cheapskate", tusi la mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili hiyohiyo.

---

Bei Chee

Nimenukuu na kuhifadhi. Na ile "cheap at half the price" niliyoikuta kwenye tangazo moja la zamani? Nimeipiga hesabu mara tatu inanikataa.

---

Mzee wa Hesabu

Inakataa kwa sababu ni utani. Sifa ya kawaida ya muuzaji ni "cheap at twice the price": hata bei ingekuwa mara mbili, bado ungepata faida. Hiyo ina mantiki. Waingereza wakaigeuza kwa makusudi, "hata kwa nusu bei ni rahisi", ambayo haisemi kitu, maana kila kitu ni rahisi zaidi kwa nusu bei. Baadhi wanaisema bila kujua kwamba ni mzaha. Ukiitafsiri, itafsiri ile ya kwanza.